Jambia la Lafaeli

Sehemu ya tisa

Katika kaunti hii nzima ya Kakamega, kuanzia Lugari mpaka Matungu, hakuna jicho linalosoma jambia la vita kama jicho langu, na tangu nianze kazi hii sijakosea hata mara moja. Liandike hilo mahali. Utalihitaji baadaye kidogo, ukitaka kunicheka.

Wiki jana tuliachana pabaya. Mimi, Elvis Wangila, mkaguzi wa silaha za kale, nilikuwa nimesimama katika ofisi yangu nyuma ya duka la simu pale mjini. Mzee Kipkoech wa Lugari alikuwa ameinamia meza yangu, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni, jambia la Kukhu Pascalia likiwa mkononi. Akaligeuza. Akaligeuza tena. Kisha akauliza swali lile lililonikausha mate.

"Elvis, jina liko wapi?"

Kwa wewe uliyefungia nyama gazeti la wiki jana bila kulisoma, nitakueleza haraka, maana hustahili muda mrefu.

Kipkoech ni tajiri wa mahindi. Ana shamba lililokuwa la mzungu, na ndani ya nyumba kuna chumba kizima cha makabati ya vioo yaliyojaa majambia na singe za vita. Chini ya kila silaha kuna kadi: jina la askari, mwaka, mahali alikopigana. Kadi haiandikwi mpaka mkaguzi apime hali ya silaha na kuandika ripoti. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Napima ubapa, ncha, kutu, mpini, ala, na kile chuma cha kukingia vidole kilicho kati ya mpini na ubapa, tunachokiita kikingio. Nikimaliza natoa daraja, la kwanza hadi la tano.

Kukhu Pascalia ni bibi wa Malinya, miaka sabini na saba. Jambia ni la marehemu baba yake, Lafaeli, aliyekwenda vita vya Habeshi akiwa askari wa Keya, lile jeshi la Mwingereza, akarudi nalo kiunoni. Kukhu haliuzi. Anachotaka ni ile kadi.

Jumamosi hii kaburi la baba yake linatiwa simiti, naye anataka fundi aandike juu yake neno moja: ASKARI. Anayelikataa neno hilo ni Shitanda, mtoto wa kaka mkubwa wa marehemu. Kwa miaka thelathini Shitanda amesema kwenye kila matanga na kila harusi kwamba Lafaeli hakwenda vita yoyote. Anasema alijificha kwenye mashimo ya dhahabu ya Ikolomani mpaka risasi zikanyamaza, halafu akanunua jambia sokoni akaja kulitumia kudanganya wasichana. Ukoo umechoka na ugomvi huo. Umeamua kwamba Kipkoech akilikubali jambia na jina lake, neno ASKARI litaandikwa. Asipolikubali, zitaandikwa tarehe mbili tu, ya kuzaliwa na ya kufa, kama kaburi la mtu aliyeishi akisubiri mvua.

Leo ni Alhamisi. Sasa umeelewa. Turudi kwenye swali.

"Jina gani, mzee?" nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizwa kama ameona ng'ombe wa jirani.

Kipkoech akasema Kukhu alimweleza kwenye simu kwamba chini ya kikingio kuna jina lililokwaruzwa kwa msumari, herufi saba: LAFAELI. Kukhu, aliyekaa kwenye benchi na mkoba wake juu ya magoti, akatikisa kichwa kukubali. Kando yake alikaa mjukuu wake Emily, niliyesoma naye sekondari, yule wa kuinua mkono kabla mwalimu hajamaliza swali. Bado ana uso uleule wa kuinua mkono.

Nitakwambia ukweli, wewe na mimi tu. Jina lilikuwepo. Jumatatu Kukhu aliponiachia jambia lilikuwepo. Jumanne saa tisa alasiri halikuwepo tena.

Usinitolee macho. Hujui ninavyoteseka katika ofisi hii. Watu wa nchi hii wakisikia kuna mtu anapima silaha za zamani, kila mmoja anakumbuka kwamba babu yake alikuwa jenerali. Kuna mkata miwa wa Matungu aliyeniletea panga la juzi, lebo ya duka ikiwa bado kwenye mpini, akaapa kwamba lilipigana na Wajerumani. Kuna fundi wa Butali aliyechonga tupa kuukuu likawa singe, akalizika kwenye mavi ya ng'ombe miezi miwili lipate kutu, kisha akaniletea likiwa bado linanuka. Kuna mama mmoja aliyeniletea uma.

Kwa hiyo Jumanne, nilipoligeuza jambia la Kukhu na kuona LAFAELI, nilicheka mpaka nikatafuta kiti. L mahali pa R. Malaika mkuu Raphael mwenyewe angeitwa kwa jina hilo angepita kama hakusikia. Nikasema moyoni, huyu ni mchungaji fulani wa ng'ombe aliyekosa la kufanya mchana kutwa, akaharibu kitu cha maana. Wakusanyaji hawapendi maandishi ya kihuni. Jambia lilikuwa zuri, ubapa umenyooka, ncha nzima, mpini haujapasuka, lakini kwa upuuzi ule lingeshuka hadi daraja la nne.

Nikachukua msasa laini. Dakika tatu. Halafu nikapaka polishi nyeusi ya viatu iliyochanganywa na majani ya chai, chuma kikarudia uzee wake. Daraja la nne likawa la pili. Nilimsaidia yule bibi bila yeye kuniomba, na hakuna aliyenishukuru mpaka leo.

Ndiyo, najua. Ukutani kwangu kuna karatasi kubwa niliyoandika kwa mkono wangu: USISUGUE. Hiyo ni kanuni ya wateja.

Basi nikamjibu Kipkoech kwa utulivu. Nikamwambia nimelikagua jambia hilo saa mbili nzima na sikuona jina. Tena nikaongeza, kwa faida ya benchi, kwamba ni heri halipo, kwa sababu jambia lenye LAFAELI lingekuwa bandia waziwazi. Jeshi lilikuwa na makarani. Makarani walijua kuandika Raphael. Askari wa kweli asingebeba silaha yenye jina lililoandikwa na mtu asiyejua tofauti ya R na L.

Kukhu akaniangalia kama anayetafuta miwani yake usoni mwangu. Akasema polepole kwamba baba yake aliliandika mwenyewe. Alikuwa akimkalisha mapajani pake alipokuwa mdogo na kumpitisha kidole juu ya zile herufi, moja moja, na hivyo ndivyo alivyojifunza kusoma kabla ya kuingia shule.

Nikamwambia Kukhu, kwa heshima zote, kumbukumbu za utoto ni tamu lakini hazipimwi kwa kioo.

Hapo Emily akainua mkono. Naapa aliinua mkono.

Alitoa simu, akamsogezea Kipkoech picha. Jana alikuwa amekwenda parokiani, akaomba kitabu cha ndoa cha mwaka wa arobaini na sita, akapiga picha ukurasa wa babu mkuu. Padre alikuwa ameandika Raphael kwa wino mzuri wa kipadre. Kando yake, mahali pa sahihi ya bwana harusi, kulikuwa na herufi kubwa zilizosimama kama nguzo za ua, F ikiwa imelala kidogo upande wa kushoto.

LAFAELI.

"Aliliandika vile alivyolisema," Emily akasema. "Mtu wa kughushi angemwiga padre."

Kipkoech akavua miwani akaivaa tena. Uso wa mzee yule ukafunguka kama duka asubuhi. Akaeleza, na mimi nikasikiliza kama mtu asiyehusika, kwamba vitu vilivyotoka kwa makarani vimejaa makabatini mwake. Kitu kilichokwaruzwa na askari mwenyewe, kwa mkono wake, na kosa lake la kijijini ndani yake, hana hata kimoja. Kosa lile lile, kwenye chuma na kwenye kitabu cha kanisa. Askari walikwaruza majina yao chini ya kikingio kambini, mnunuzi wa sokoni asingejua pa kuandika; huo ni ushahidi ambao hata Shitanda atauogopa.

Sasa nimefika pale ulipokuwa unapangojea. Ndiyo, nilikosea. Ni mara moja tu, na ni mara ya kwanza, na wewe ungekosea kabla yangu.

Emily hakuwa amemaliza. Alikuwa amechukua nakala ya ripoti yangu mezani, bila ruhusa, akaisoma kwa sauti ya mwalimu mkuu siku ya kufunga shule.

"'Jambia hili ni la kale na ni harisi.' Harisi, kwa R." Akaiweka chini taratibu. "Wangila, ni wewe ulikuwa unatufundisha tofauti ya R na L?"

Kipkoech akakohoa kile kikohozi ambacho si kikohozi. Kukhu akaficha mdomo kwa kona ya kitambaa chake. Nikasema ni kosa la kompyuta. Emily akasema ripoti imeandikwa kwa kalamu.

Sitamsahau yule msichana. Nitamwekea daraja la tano.

Lakini furaha yao ilikuwa fupi, maana Kipkoech alikuwa bado na jambia mkononi na swali lake halikuwa limejibiwa. Jina limethibitishwa kitabuni, vizuri. Sasa lionekane kwenye chuma.

Akalipeleka jambia dirishani penye mwanga. Akakaa nalo muda mrefu. Akapitisha ukucha. Akafuta kwa leso, leso ikaja na weusi. Akaangalia tena kwa kioo, na niliona mabega yake yakishuka.

"Hapa pamesuguliwa," akasema. "Mikwaruzo ni mipya, yote imeelekea upande mmoja. Haina hata wiki."

Nje, kwenye duka la simu, mtu alikuwa anabishana juu ya chaji.

Sikiliza vizuri sasa, kwa sababu hapa ndipo akili inapojionyesha. Mtu mwingine angetetemeka. Mimi nilitabasamu kwa huzuni, kama daktari, nikamgeukia Kukhu.

Nikamwuliza Kipkoech kama amewahi kukaribishwa katika nyumba ya Malinya. Mgeni akisikika anakuja, hakuna chuma kinachopona. Sufuria inasuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka ujione meno. Bati, kijiko, jembe, hata kufuli la mlango. Kitu hakitoki nyumbani kwenda kwa mkubwa kikiwa kichafu, hiyo ni aibu ya ukoo mzima. Basi bibi wa namna hii, anayepeleka jambia la baba yake kwa tajiri wa Lugari, unadhani atalipeleka na kutu yake?

Kipkoech akamtazama Kukhu. Hakumwuliza kwa ukali. Alimwita mama, akamwuliza kama kabla ya kulileta alilisafisha.

Nilikuwa nimebahatisha tu. Ilikuwa mishale ya gizani. Lakini Kukhu Pascalia ni mtu wa ukweli, na watu wa ukweli ni rahisi sana kufanya nao kazi.

"Nilipitishanga majivu," akasema. "Jumapili, baada ya misa. Kidogo tu, kwenye ubapa. Kitu cha mgeni hakiendi kichafu."

Emily akamshika mkono. Akasema kwa haraka kwamba ubapa si kikingio, na kwamba majivu kidogo hayafuti herufi za msumari. Lakini Kukhu alikuwa ameshaanza kuangalia mikono yake. Aliigeuza, akaangalia viganja, akaangalia vidole vile vilivyojikunja.

Akasema macho yake siku hizi yanaona ukungu. Akasema alikuwa anasugua huku anaimba, na mtu akiimba hajui mkono unakwenda wapi. Akasema jambia limekaa salama juu ya dari miaka zaidi ya arobaini tangu mzee afe, panya hawakuligusa, mvua haikuligusa, na siku moja tu aliyolishusha ndiyo limeharibika.

"Labda ni mimi," akasema. "Labda ni mimi nimemfuta baba."

Nilichukua kalamu mezani nikaanza kuifuta vumbi ambalo haikuwa nalo.

Kipkoech alirudi kwenye kiti kama mtu aliyeongezewa umri. Alieleza kwa upole, lakini alieleza. Bila jina, hilo ni jambia zuri tu la vita, mtu yeyote angeweza kulinunua popote, na ndivyo Shitanda anavyosema. Kitabu cha kanisa kinathibitisha kwamba Lafaeli alioa. Hakithibitishi kwamba alipigana. Hawezi kuandika kwenye kadi kitu ambacho hakipo kwenye chuma, hata akimwamini Kukhu, na alisema anamwamini. Kadi moja ya uongo inageuza makabati yote kuwa ya uongo.

Kwa hiyo Jumamosi fundi ataandika tarehe mbili.

Kukhu hakulia. Ningependa kukuambia alilia, gazeti hili lingeuzika vizuri zaidi. Alifungua mkoba, akatoa kile kitambaa alicholifungia jambia, akakikunjua juu ya magoti tayari kulipokea tena. Akamwuliza Emily kama basi la kurudi litapatikana mapema.

Nikaona heri tufunge mambo kabla mtu hajafikiri zaidi. Nikatoa karatasi mpya. Nikaandika kwamba jambia lilikuwa na jina, jina limefutwa kwa kusuguliwa na mwenyewe nyumbani, mkaguzi hahusiki. Nikaacha nafasi chini ya sahihi. Nikaangalia R na L zangu mara mbili. Nikamsogezea Kukhu kalamu, nikamwonyesha mahali.

Emily akamwambia asitie sahihi. Kukhu akamjibu kwamba mtu akivunja chungu anasema amekivunja. Akaishika kalamu. Akainama karibu sana na karatasi, kwa sababu ya yale macho.

Mlango ukafunguliwa.

Aliyeingia alikuwa Shitanda mwenyewe. Ni mzee mrefu, kofia mkononi, koti la siku za kanisa, viatu vya siku za shamba. Kukhu alipomwona akaweka mkono juu ya karatasi kama mtoto anayeficha maksi.

Mimi ndiye niliyefurahi. Nani angekuwa na haraka ya kuamini kuliko huyu? Nikamvutia kiti. Nikamkaribisha kwa jina. Nikampa habari zote kwa mpigo: kwamba jambia limekaguliwa kitaalamu, kwamba jina halipo, kwamba kadi haitaandikwa, na kwamba pole zangu kwa familia lakini yeye ameshinda. Nilimwambia Kukhu ndiye aliyelisugua kwa majivu na kwamba ndiyo kwanza anatia sahihi.

Shitanda hakukaa. Alimwangalia dada yake, akaangalia karatasi, akaangalia jambia juu ya meza.

"Pascalia, weka kalamu chini," akasema.

Kukhu akasema ni haki ya Shitanda kucheka, acheke tu. Shitanda akatikisa kichwa. Akasema siku mbili hizi amekuwa akicheka na hakulara hata usiku mmoja.

Kisha akaanza kueleza, akimtazama Kipkoech, mimi akiniruka kama kiti kisicho na mtu.

Alisema Jumanne alikuja hapa peke yake. Alikuwa amesikia jambia limeletwa, akataka kulisoma kwa macho yake kabla tajiri hajalisoma, ili ajue atakwenda kusema nini mbele ya ukoo. Alikuta mlango wazi na ofisi haina mtu. Jambia lilikuwa mezani. Akaligeuza. Akapitisha kidole. Alihesabu herufi saba. Akaiona ile F iliyolala.

Anaijua F ile. Baba yake mdogo aliichora kwenye mlango wa zizi, kwenye mizinga ya nyuki, na kwenye kibao cha shule ambacho Shitanda mwenyewe alijifunzia. Akasimama pale na miaka yake thelathini ya maneno, hajui pa kuiweka.

Ndipo akasikia hatua zangu zinarudi na chai. Aliona aibu kukutwa, mzee mzima, akisoma kwa siri kitu alichokitukana hadharani. Akatoka kwa mlango wa nyuma. Lakini hakwenda. Alisimama kwenye dirisha lile lile ambalo Kipkoech alikuwa ametoka kulitumia.

"Nikaona huyu kijana akikaa," akasema. "Akasoma jina la baba yangu mdogo. Akacheka. Akachukua msasa."

Nilisema huo ni uongo. Nilisema kwa sauti nzuri, yenye hasira ya kutosha. Nikamkumbusha Kipkoech kwamba mzee huyu ndiye aliyelikanusha jambia tangu mwanzo. Nikauliza, kama aliona, mbona alinyamaza Jumanne? Mbona alinyamaza Jumatano?

Shitanda akajibu bila kunitazama. Alinyamaza kwa sababu ilimfaa. Alikwenda nyumbani akiwa ameshinda bila jasho. Lakini leo asubuhi fundi wa kaburi alimwita, akamwuliza, mzee, kwa hiyo hapa juu niandike nini? Akafungua mdomo kusema tarehe tu. Mdomo ukakataa. Fundi alisubiri na mwiko mkononi mpaka simiti ikaanza kukauka.

Kukhu alikuwa ameiachia kalamu. Ilibingirika mpaka ukingoni mwa meza na hakuna aliyeishika.

Kipkoech akawa mtu wa haki, na ninamlaumu kwa hilo. Alimwambia Shitanda kwamba neno lake ni zito lakini ni neno la mtu mmoja dhidi ya mwingine, na kwamba miaka thelathini alisema jambo moja na leo anasema lingine. Je, kuna kitu chochote alichokiona au kukisikia pale dirishani, ambacho mtu asiyekuwepo hawezi kukijua?

Nikapumua. Kitu gani kingekuwepo? Msasa niliutupa. Vumbi nililipuliza. Polishi iko katika kila nyumba yenye viatu.

Shitanda akafikiri. Akaizungusha kofia yake mara moja, mara mbili.

"Alikuwa anapiga mluzi," akasema.

Emily akacheka kidogo, akasema Kakamega nzima inapiga mluzi.

"Si huu," Shitanda akasema. "Sijawahi kuusikia popote. Ulikuwa hivi."

Na mzee yule, miaka sabini na tano, meno mawili ya mbele hana, akakunja midomo akapiga mluzi.

Ulikuwa wimbo wangu. Niliutunga mwenyewe, peke yangu, ndani ya ofisi hii, na sikuwahi kuupiga mbele ya mtu. Naupiga tu mikono ikiwa na kazi. Alianza vizuri, akapanda pale pa kupanda, akakata kona pale pa kukata kona. Nilikuwa na uso kama ukuta. Angemaliza tu, nami ningesema sijawahi kuusikia, na jambo lingeishia hapo.

Lakini mwisho aliukosea. Alishuka mahali pa kupanda.

Sasa mimi ni mkaguzi. Sijui kukaa karibu na kitu kilichokosewa nikakiacha kilivyo; ni ugonjwa wa kazi. Kabla akili haijaufikia mdomo, midomo yangu ilikuwa imeshajikunja, na ukatoka, safi, mrefu, ukipanda mwishoni kama inavyotakiwa.

Nilipomaliza, kila mtu ofisini alikuwa ananitazama mdomo.